Gari la Bibi Arusi Linavuja

Jumatatu, 8 Juni

Balaa! Asubuhi nimekuta doa jeusi chini ya gari, pana kama sinia. Nimeligusa, nimelinusa. Oili. Gari langu la spoti, jekundu, la milango miwili! Miaka yote lilikuwa likitoka jasho kidogo, kama mwenyewe. Leo limejimwagia kama mtoto mchanga.

Na Jumamosi ni arusi ya mjukuu. Nimetangaza mbele ya ukoo mzima kwamba mimi ndiye nitakayempeleka ukumbini. Si majivuno. Si majivuno peke yake. Tulipoihama nyumba yetu ya kwanza, ambayo sitaiona tena, gari hili ndilo lililotutoa. Mke wangu mbele, binti yetu kajikunja nyuma ya viti juu ya vitabu vyangu. Vingine vyote vilibaki, hata chai kwenye birika. Sasa binti wa binti yule anaolewa. Atoke nyumbani kwa gari gani lingine?

Binti yangu kaliona doa. Kanipa hukumu: gauni ni jeupe. Ijumaa atatandika shuka jeupe chini ya injini, na likionekana tone moja, bibi arusi atapelekwa na mjomba.

Mjomba huyo ni kaka wa mke wangu. Mimi namwita Bwana Pasi, kwa ajili ya suruali zake. Ana gari jipya la kijivu, halina sauti wala harufu. Wamefanana.

Ua wetu unateremka kuelekea barabarani. Huliegesha gari likitazama chini, ili betri ikigoma liserereke na kuwaka lenyewe. Akili hiyo! Nimechomoa kijiti, nikapima oili palepale. Imepungua mno, kama kila nikipima. Nimeongeza.

Jumanne, 9 Juni

Nimeshinda chini ya gari. Karai la oili, lile bakuli la chuma lililo chini kabisa ya injini, limeloa chapachapa. Basi ndipo panapovuja! Mtu aliyesoma kama mimi fundi wa nini? Nimekaza boliti zote. Moja nimeikaza kwa mapenzi kupita kiasi. Imekatika. Kichwa chake kimenidondokea kwenye paji la uso. Mke wangu kachungulia, kauliza kama nimekufa au nimemaliza. Nikamwambia kazi inakwenda vizuri.

Nimepima tena. Imepungua tena! Nimeongeza. Gari hili linakunywa kama lina arusi yake.

Jumatano, 10 Juni

Doa limekua. Boliti zimekazwa, na doa limekua! Nimekaa kwenye kizingiti nimeduwaa.

Ndipo wazo likanijia. Bwana Pasi alikuwa aje kuonyesha tai yake mpya. Walipojilaza wote baada ya chakula, nikalegeza breki, gari likaserereka polepole hadi kando ya lango. Doa likabaki peke yake. Akaja, akaegesha juu yake kabisa. Alipotaka kuondoka, mimi ndiye niliyekuwa wa kwanza kuinama. Nikampa pole. Nikamwambia magari ya siku hizi ni bati tupu. Rangi ikamtoka usoni. Akaenda moja kwa moja gereji, bila hata kumuaga dada yake.

Mke wangu ananitazama sana.

Jumamosi tutakuwa wawili tusio na gari! Hilo sikuliwaza mapema.

Alhamisi, 11 Juni

Siku ya mshtuko juu ya mshtuko.

Nilisoma zamani kwamba ukiosha injini, ukaipaka poda, oili itachora njia yake yenyewe. Nikaosha kwa sabuni. Nikachukua poda ya mke wangu, kopo zima, nikanyunyiza. Nikazunguka nalo sokoni. Lahaula! Feni ya injini ikaipepea poda yote, wingu jeupe likatoka pande zote za boneti. Muuza mboga akadhani ninaungua, akanimwagia ndoo ya maji kupitia dirishani. Nimerudi nyumbani nimelowa, nanukia kama mtoto aliyeogeshwa.

Nikafungua boneti. Poda iliyosalia ilikuwa na mchirizi mmoja mweusi, na haukuanzia chini! Umeanzia juu, kwenye kifuniko cha valvu, ukateremka mgongoni mwa injini mpaka kwenye karai. Boliti zangu hazikuwa na kosa lolote.

Nikasikia mtu akikohoa. Bwana Pasi. Gereji hawakuona kitu, wakamcheka.

"Shemeji," akasema, "oili ya gari langu ina rangi ya asali. Ile ya juzi niliyoikanyaga ilikuwa nyeusi kama wino."

Ilikuwa jana, si juzi. Sikumsahihisha.

Nikangoja matusi. Hayakuja. Alikunja suruali, akavua saa, akaniuliza napimia wapi oili. Nikamwonyesha: hapa hapa, kwenye mteremko. Akafumba macho kidogo.

"Gari limeinamia mbele, kijiti kiko nyuma. Hapo utaona imepungua mpaka siku ya kiama."

Tukalisukuma barabarani, mahali tambarare. Tukapima. Oili ilikuwa imeipita alama ya juu na kuiacha mbali! Nimekuwa nikiilisha injini iliyoshiba, nayo inacheua kupitia gasketi, ule mpira wa kuzibia kifuniko, iliyozeeka na kukauka kama biskuti. Akapunguza oili, akaweka gasketi mpya, akaing'oa na boliti yangu iliyokatika akatia nyingine. Bora angetukana.

Nikamuuliza kajifunzia wapi. Akasema alikuwa na gari kama hili, la bluu. Siku ya kuhama alilitoa kama nauli, wakapewa nafasi kwenye lori, yeye na wanawe. Sikujua. Wakati ule tulikuwa hatusemezani, sikumbuki kwa nini. Kumbe aliyajua magari yetu yote mawili, lake na langu, kwa sauti.

Mke wangu anaitafuta poda yake.

Ijumaa, 12 Juni

Shuka lilitandikwa asubuhi. Jioni ukoo mzima umesimama uani kama unangoja matokeo ya mtihani. Binti yangu kavuta shuka polepole.

Tone! Moja, dogo kama punje ya dengu. Oili ya zamani tu, iliyokuwa imejificha kwenye fremu, lakini tone ni tone. Mjukuu akatazama pembeni.

Bwana Pasi akasogea, akaweka kidole juu yake.

"Hili langu. Nilikusaidia kutandika nikiwa na mikono michafu."

Mikono michafu! Mtu anayekata kucha kila Jumapili! Binti yangu kamtazama mjomba wake muda mrefu, kisha akalikunja shuka.

Sielewi. Anataka nini huyu? Nimekaa kitandani nikiwaza. Lazima kuna kitu anakitaka.

Jumamosi, 13 Juni

Nimempeleka! Gauni lilijaa gari zima, gia nilikuwa naitafuta ndani ya lesi kwa kupapasa. Alikaa pale alipokaa bibi yake. Watu wakageuka njia nzima. Bwana Pasi alitufuata kwa lake, taratibu. Mke wangu, aliyekuwa naye, anasema muda wote hakutazama arusi, alitazama lami iliyo chini yetu.

Tulipofika, mjukuu hakushuka mara moja. Akanishika mkono.

"Babu, asante. Sasa niahidi. Injini hii hutaigusa tena."

Nimeahidi, na machozi yananitoka.

Jumapili, 14 Juni

Ahadi ni ahadi. Injini sijaigusa.

Ila jana, nikiingiza gia ya pili, nilisikia kitu kikisaga. Giaboksi si injini, kila mtu anajua. Nimeifungua uani baada ya chai. Ina vyuma vingi kuliko nilivyotarajia! Springi moja imeruka ukuta, imeingia kwa jirani, na jirani amepiga yowe.

Bwana Pasi ametuma salamu kwamba atapita alasiri. Nimemjibu asijisumbue. Kazi kama hii haitaki watu wa kubahatisha.