Kinyozi, Kofia na Pazia la Bure

Jumatatu, 3 Machi
Balaa. Fundi cherehani wa mlango wa pili, ambaye kwa hisani yangu (na kwa sababu zangu) anatumia intaneti yangu, amekuja kunionyesha simu yake. Matangazo ya dawa za upara, juu mpaka chini! Akauliza kwa upole simu imemwona ana nini kichwani. Nikajibu mitambo haina adabu, nikashusha kofia hadi kwenye nyusi. Dawa hizo nimezitafuta mimi, kwa intaneti hiyohiyo. Wanasema kinyozi hajinyoi. Mimi nimenyolewa na Mungu mwenyewe. Jumapili hii nilitaka kumwalika chai. Nikimkosa mwanamke huyu kwa sababu ya kipara, sijui nitaishije.

Jumanne, 4 Machi
Ufumbuzi. Kampuni moja kubwa ya mtandao inatoa “pazia” bure. Kila unachofungua kinapitia kwanza kwenye mitambo yake ya ng'ambo, kwa hiyo huko nje hakuna anayejua kimetoka kwa nani. Nimeliweka kwenye kisanduku cha intaneti, litufunike sote wawili. Likaandika: Anwani yako imefichwa. Sipendi kazi nusunusu, namba ya mlangoni nayo nikaipaka rangi isisomeke.

Jumatano, 5 Machi
Wateja wamepotea njia. Shemeji, fundi wa mitandao, kacheka mpaka kakaa chini. Akasema anwani iliyofichwa ni ya intaneti, si ya mlango. Kisha akauliza kama najua kampuni hiyo inaishi kwa kuuza nini. Sikujua. Matangazo, akasema, nimemkabidhi fisi bucha. Wivu tu. Tangu amwoe dada yangu hajawahi kunisifu.

Ijumaa, 7 Machi
Fundi cherehani kaja tena. Sasa matangazo yanamjia kwa lugha asiyoijua, lakini picha hazihitaji mkalimani: kushoto kichwa kinang'aa, kulia nywele tele. Uongo ukaniishia. Nikavua kofia, nikakiri yote, hata chai niliyotaka kumwalika, na pazia pia.

Akasema kofia hiyo kaishona yeye, na kichwa alikipima kwa mikono yake. Alikuwa anangoja niseme mwenyewe. Kilichomuudhi ni pazia. Dawa za mama yake, barua zake, vyote nimevipitisha kwa watu asiowajua bila kumuuliza. Niliona aibu ya kweli. Nikaling'oa palepale. Jumapili chai ipo, akasema. Kwa furaha nikamnyoa mteja nyusi moja.

Jumatatu, 10 Machi
Chai ilinoga. Leo nimetafuta pete, kwa siri kabisa. Nimeweka pazia jipya la kampuni kubwa kuliko ile, ila kwenye simu yangu tu. Mimi ni mtu wa kujifunza.

Mchana fundi kachungulia mlangoni, simu mkononi, akitabasamu. Akasema kama ni yeye, angechukua pete ya tatu kutoka juu.

Nimeshajua kosa liko wapi. Kesho naongeza pazia la pili juu ya la kwanza.