Kiti Changu kwa Mama Pélagie

Jumatatu, 3 Juni 2024
Arlette amenikubali! Amebaki mama yake tu. Kwao mchumba hukaa na mama kandokando ya tanuru ya samaki alasiri tatu, ndipo barua yake ya posa ipokelewe. Shida moja: mtaa mzima unasema Mama Pélagie ni mchawi. Mjane, mzee, macho mekundu. Arlette ameapa hataolewa na mtu mwenye wazo hilo. Mimi si mjinga. Nitalifukuza. Likija tu, najifinya paja.

Jumanne, 4 Juni
Nimejifinya mara arobaini na moja. Paja limevimba. Lakini nilikaa vizuri karibu na Mama, nikasifu mikebuka yake, samaki wa ziwani. Wakati wa kuaga, ajabu! Kiti changu kiko kwenye ua, hatua nane kutoka tanuru. Sikukisogeza. Mama hakuinuka. Arlette alikuwa sokoni. Upepo wa ziwa ulikuwa umekatika, moshi umesimama wima. Niliogopa sana.

Jumatano, 5 Juni
Leo amekuja pia mtu mwingine, Ilunga, muuza chumvi kutoka Ankoro. Naye anamtaka Arlette. Mshamba! Alimwambia Mama usoni kwamba watu wanamwita mchawi na kwamba yeye anaogopa macho yake. Amekwisha, nikawaza. Mama akacheka akishika mbavu. Akasema ni moshi wa miaka thelathini, akamwita amsaidie kugeuza samaki.

Nikajifinya. Nikatazama chini. Mchangani, michirizi minne ya miguu ya kiti, na katikati yake nyayo. Kandambili yenye kisigino kilichokatika, kama yangu! Huyu mama ameiba hata nyayo zangu. Sauti yake ikanifikia kwa mbali:

“Weye Dieumerci, ni kiti njo kinakimbia ao ni weye?”

Nilikuwa katikati ya mihogo ya jirani.

Alhamisi, 6 Juni
Dawa nimeipata. Nilifunga kiti kwa kamba kwenye nguzo ya tanuru. Hakiendi popote!

Kilienda. Nguzo ikafuata, chanja ikaanguka, samaki wote majivuni.

Barua ya Ilunga imepokelewa, bila hata kungoja alasiri yake ya tatu. Arlette alisema siku zote tatu sikumtazama mama yake usoni hata mara moja. Hakupiga kelele. Inaniuma mpaka sasa.

Ijumaa, 7 Juni
Ilunga amekuja kunisalimia kwa heshima. Yuko mezani kwangu, anakunywa chai. Macho yake mekundu! Basi ni kweli, mama amemrithisha. Lakini mimi ni mstaarabu, wazo hilo sitaliruhusu. Naandika hapa mbele yake, nimeinamisha kichwa, najifinya paja la kushoto.

Mbona naandikia gotini? Daftari lilikuwa mezani.

Ilunga ananiita. Anauliza nafanya nini barabarani na kiti. Nami nauliza: nani amekisogeza?