Mwenye Shamba ni Shemeji

Jumatatu, 3 Machi
Miezi saba na siku nne tangu nitoke nyumbani. Mgongo umekufa. Kuponda mawe machimboni kutwa, na mawe hayaishi.
Mke wangu kapiga simu saa ya chakula. Korongo limemeza mstari mwingine wa mahindi. Sasa liko hatua kumi na mbili kutoka jikoni. Mvua kubwa zikija, anasema, tutapikia hewani. Lakini serikali inatoa msaada wa kuzuia mmomonyoko: miche, waya wa kufungia mawe, na fundi juu yake. Fomu ziko ofisi ya kilimo. Nikamwambia asiguse kitu, jambo hili linataka akili. Simu ikakatika. Mtandao, nadhani.

Jumatano, 5 Machi
Kanitumia picha za fomu. Kurasa nne! Nikasoma na Profesa, mponda mawe mwenzangu. Kanizidi darasa moja tu, lakini utadhani chuo ni cha babake. Akaweka kidole: mwombaji awe anaishi shambani, na akaguliwe akiwepo. Akasema basi niandike jina la mke, si ndiye analima? Nikamuuliza kama jua limempiga. Jina la mke kwenye shamba la baba yangu! Akasema haya, bwana mkubwa, korongo litasubiri heshima yako. Wote wakacheka. Mchana kutwa kila jiwe nililiona lina uso wa Profesa.

Ijumaa, 7 Machi
Dawa nimeipata. Shemeji! Mdogo wa kiume wa mke wangu yuko pale pale, kazi hana, urefu tunalingana. Bwana shamba wa ofisi ya kilimo ni mgeni, hanijui. Shemeji asimame shambani, aitikie jina langu, nusu saa, basi.
 Mke wangu akauliza kama nataka amwite mdogo wake “mume wangu” mbele za watu. Nikasema nusu saa tu. Akasema, baba watoto, hayo mawe sasa yamekuingia kichwani.
Shemeji alikubali upesi. Akaomba tu koti langu la harusi. Upesi ule sikuupenda.

Jumanne, 11 Machi
Tumepita! Bwana shamba kapima korongo, kapiga picha, kaahidi waya na miche mia mbili. Nilimtangazia Profesa mara tatu.
Jioni likaja la pili. Shemeji aliulizwa maswali, na kunyamaza hajui. Kaeleza mteremko, mitaro, maji yanakotoka. Bwana shamba kasema hajaona mkulima makini kama huyu. Kamfanya mwenyekiti wa kikundi cha kuhifadhi udongo. Yaani kanichagua mimi. Yaani yeye!

Alhamisi, 13 Machi
Mwenyekiti kapewa buti. Mwenyekiti kapewa kadi: jina langu, sura yake. Mwenyekiti anakwenda semina siku tatu, kula na kulala bure. Majirani wanajua kila kitu na wanashika mbavu kwa kicheko, ila hawasemi. Nao wanaitaka miche.
Nimempigia. Akapokea kwa sauti ya kiofisi, akasema nimtafute baadaye, yuko kikaoni. Nyuma yake nilisikia kuku wangu.
Mke wangu anasema dirisha la kusahihisha majina liko wazi mpaka kesho. Tuseme kweli, aandikwe yeye, yaishe. Nikakataa. Nimevumilia mengi, siwezi kushindwa na fomu.

Jumapili, 16 Machi
Waya umefika. Miche imefika. Korongo hatua tisa! Mawe ya kujaza lazima yapondwe, na mwenyekiti tangu azaliwe hajashika nyundo. Msimamizi wa machimbo kanipa likizo.
Mke wangu akauliza: bwana shamba anapita kila wiki, akikukuta hapa nitamwambia wewe ni nani?
Nimewaza tangu asubuhi. Mbona rahisi! Shemeji ni mimi, basi mimi nitakuwa shemeji. Nitaponda mawe, mke ataniita mdogo wake, nani atajua? Nilipomwambia, hakubisha hata kidogo. Akasema sawa, ila mdogo wake hulala banda la nje.
Hilo tutalizungumza. Nafika Jumamosi tarehe 29, kwa basi la asubuhi.