Herme Aliyebusiwa

Jumapili moja asubuhi, pale uwanja wa soko wa Monastiraki, Athens, Panagos Skordilis alimwona Bwana Thrasivulos akimdhulumu mjane, na moyo wake ukajaa furaha.

Si kwamba alipenda wajane waonewe. Mama wa watu alileta stempu za marehemu mumewe. Thrasivulos, ambaye kila Jumapili aliweka meza yake ya stempu mbele ya mkahawa, alizifunua kwa ncha ya kidole kama mtu anayepekua kabichi lililooza, akasema ni takataka, kisha akazinunua kwa huruma. Mjane hajafika hata kwenye kona, lenzi tayari iko jichoni. Panagos, aliyekuwa akinywa kahawa aliyolipiwa na mtu mwingine, aliweka kikombe chini. Amekwisha kumpata mtu wake. Mtu anayejua kuibia wengine, ukimwachia nafasi akuibie, hata mlango wa duka atakufungulia mwenyewe.

Na hela alikuwa anazihitaji. Kwetu msichana haendi kwa mume mikono mitupu, na baba yao alipofariki aliacha fungu la kumwozea Evgenia, dada yake Panagos. Panagos alijitolea kulitunza. Alilitunza kwa farasi wa mashindano kule Faliro, na farasi wale, maskini, hawakuwa watu wa haraka. Sasa Evgenia alikuwa mtu mzima, na mchumba wake Manolis, fundi redio, alikuwa amengoja hadi nywele zimeanza kuondoka bila yeye. Mama yake Manolis alikuwa amesema neno lake la mwisho: bila nyumba, hata ya chumba na jiko, mwanawe atatafutiwa mwingine kabla ya Pasaka.

“Dada, safari hii tunagawana nusu kwa nusu,” Panagos alisema jioni ile. “Nusu yako inakununulia nyumba. Wewe kazi yako ni kulia tu.”

“Kulia najua,” Evgenia alisema. “Umenifundisha vizuri.”

Mpango wenyewe ulimhusu Herme, yule mungu wa wazee wetu mwenye kofia yenye mbawa, tarishi wa mbinguni, msimamizi wa wasafiri, wafanyabiashara na wezi. Serikali ya kwanza kutengeneza stempu nchini ilipotafuta uso wa kubandika kwenye barua za raia, ilimchagua yeye, na hakuna serikali iliyosema ukweli namna ile tangu hapo. Stempu zile kuukuu, hasa zilizochapishwa hapa Athens, zina tarakimu mgongoni. Ikitokea tarakimu imesimama kichwa chini, wakusanyaji hukosa usingizi. Panagos alikuwa ameisikia habari hiyo mkahawani na kuishika moja kwa moja: tarakimu ndiyo mali, mgongo mtupu ni uchafu. Hakujua zaidi ya hapo, na alijiona profesa.

Basi akapata Herme wa bei ya chini, rangi ya chungwa, mgongo umechujuka. Akampelekea Mimis, mchapaji wa kadi za harusi, ambaye kwa chupa ya pombe ya uzo angeweza kuchapa hata cheti cha ubatizo cha punda. Mimis akampigia tarakimu kichwa chini, safi kabisa. Ili chambo kisikae uchi, Panagos alinunua kwa mnunua vitu chakavu gunia la bahasha za zamani. Evgenia alizilowesha stempu kwenye beseni la kufulia, akazibandua, akazikausha kwenye kioo cha dirisha. Kati ya hizo alitoka Herme mmoja wa kahawia, mgongo mtupu, amekunja uso kama aliyeamshwa kabla ya wakati. Panagos alimtupa kwenye kopo la biskuti pamoja na wengine, ajaze nafasi.

Sasa, jambo moja kuhusu Thrasivulos ambalo mtaa mzima ulilijua. Alikuwa na macho ya buluu, na macho ya buluu kwetu yana sifa yake. Aliwahi kumsifu ndege wa kinyozi, na ndege akafa kabla kinyozi hajamaliza kumnyoa. Aliwahi kusema ngazi mpya ya jirani ni nzuri. Uliza jirani alivunja mguu upi. Yeye mwenyewe alikuwa anayaogopa macho yake kuliko mtu yeyote. Kitu akikipenda kwa dhati, lazima avute kola ya shati na kujitemea kifuani mara tatu, ftu, ftu, ftu, asije akakiharibu kwa jicho. Mkono ulikwenda wenyewe, kama wa padri kwenye msalaba.

Wakamwendea nyumbani kwake, Evgenia kavaa nyeusi hadi kwenye soksi.

Panagos alimwaga maneno. Babu yao, Mungu amrehemu, alikuwa karani wa posta. Wao hawajui chochote kuhusu vikaratasi hivi. Dada anataka kuvichoma, maana kila akiviona anamwona babu. Hapo Evgenia alilia, na alilia kwa ufundi, kwa kupanda na kushuka.

Thrasivulos alilipekua kopo. Akamfikia wa rangi ya chungwa, akamgeuza, akaona tarakimu imesimama kichwa chini. “Ahaa,” alisema polepole. “Mzuri huyu. Mzuri sana.” Panagos alisikia mbingu zikifunguka. Kisha yule mzee alimshika wa kahawia, akamtazama mgongo mtupu, akamrudisha. “Hawa wengine takataka,” alisema, akageukia dirisha kana kwamba anakohoa, akavuta kola.

Ftu, ftu, ftu.

Panagos alidhani ni tumbaku imemkwama. Mtu anayejisikiliza akisema hana masikio ya ziada. Lakini Evgenia, nyuma ya leso, aliacha kulia kidogo.

“Huyo mzuri sana peke yake simchukui,” Thrasivulos alisema. “Nitawaondolea kopo lote, mpumzike. Huruma itaniua siku moja.” Akataja bei ambayo Panagos ilibidi aume shavu asicheke, akaingia chumbani kuchukua fedha.

Aliporudi, Evgenia alikuwa amelikumbatia kopo.

“Niache nimbusu babu mara ya mwisho, mjomba,” alisema. Nani atamzuia yatima? Akainamisha uso ndani ya kopo, akabusu stempu kama watu wanavyobusu sanamu kanisani, kwa machozi na midomo iliyolowa, akainuka leso imeziba mdomo.

Njia nzima hakusema neno. Ndani ya basi Panagos aliongea kwa ajili ya wote wawili, akimweleza alivyomwingiza mzee mjini, na Evgenia akitikisa kichwa tu, leso mdomoni. Huzuni ya babu, Panagos aliwaza, na hata babu huyo wa posta hatukuwahi kuwa naye. Walipofika nyumbani alimweleza dada kwamba gharama zilikuwa nyingi, Mimis amekula, basi limekula, na nusu yake ikageuka kuwa kitambaa cha mapazia. Alijiandaa kwa vita. Evgenia alikitazama kitambaa akasema rangi yake ni nzuri.

Jumapili iliyofuata mkahawa ulikuwa umejaa pomoni pale Thrasivulos alipoingia na kopo kwapani, akaketi mbele ya Panagos. Meza zote zikasogeza viti. Sisi watu wa mkahawa ule hatupendi kukosa kitu.

“Kama ni yule wa chungwa,” Panagos alianza kwa sauti ya chini, “mimi ni mtu nisiyejua, nilikwambia mapema.”

“Wa chungwa nilimjua kabla hujakaa, mwanangu. Hata wino wa Mimis ulikuwa haujaacha kunuka.” Akasogea. “Wa kahawia yuko wapi?”

“Kahawia gani?”

“Aliyechapwa Paris, kabla Athens hawajajua kuchapa. Wale wana migongo mitupu, mjinga wewe. Niliununua uchafu wako wote kwa ajili yake, na sasa hayumo.”

“Bwana Thrasivulos,” kinyozi aliita kutoka meza ya tatu, “kwani umepoteza nini?”

Hapo mzee alilifunika kopo kwa kiganja. Aseme nini? Kwamba alimwambia yatima ni takataka ilhali ni mali? Wajane wangapi walikuwa wanapita uwanjani pale saa hiyo? “Sijapoteza kitu,” alisema. “Takataka tu.”

“Na wewe, Panagos, mbona umekuwa mweupe?” kinyozi aliendelea.

“Kahawa,” alisema Panagos. “Imekaa vibaya.” Ikabidi ailipie, kwa mara ya kwanza tangu tumjue, maana aliondoka mbio na hakuwa na muda wa kumtafuta wa kumlipia.

Nyumbani alimkuta Manolis juu ya kiti akipima mapazia, lakini si ya dirisha lile. Vipimo alikuwa navyo kichwani, vya dirisha la chumba na jiko kule Petralona.

“Yule wa kahawia umemuuzia nani?” Panagos aliuliza.

“Daktari mmoja wa Kifisia,” Evgenia alisema huku akikunja shuka. “Mtu mstaarabu. Aliuliza nimempata wapi, nikamwambia nilimbusu babu akanifuata.”

“Nusu kwa nusu, tulisema.”

“Tulisema, kaka. Ila gharama zimekuwa nyingi. Kuna farasi kadhaa walikuwa bado hawajalipwa.”

Manolis, juu ya kiti, alipatwa na kikohozi kirefu.

Wakaoana kabla ya Pasaka. Panagos ndiye aliyempeleka dada yake kanisani, amevaa suti ya kuazima, akipokea pongezi kwa jinsi alivyomtunzia fungu la baba. Thrasivulos naye alialikwa. Alikula lozi za sukari kwenye kona, macho chini, asije akamharibu mtu. Padri akawavisha maharusi mataji, mashangazi wakamtemea bibi harusi kwa zamu, ftu, ftu, asipatwe na jicho. Evgenia aliposhuka ngazi za kanisa alisimama mbele ya kaka yake, akamtazama juu hadi chini, akamwekea kola sawa.

“Wewe ndiye wa kulindwa leo, kaka,” alisema. “Kwa akili zako zile.”

Akamtemea mara tatu.