Podikasti Yangu ya Siri na Kinywa cha Bihogo

Jumatatu, 4 Agosti
Historia! Nimezaa podikasti. Jina: Binti Asiyejulikana. Bila jina langu, bila picha, bila aibu. Mimi ambaye mwalimu akiniuliza swali napoteza Kifaransa na Kiswahili kwa pamoja! Nimerekodi ndani ya zizi, kando ya ng'ombe wetu Bihogo, kwani nyumbani Mama anaimba za kwaya siku nzima. Sauti nimeifanya nzito, kama ya mama wa miaka hamsini. Kwanza dakika nne za Kifaransa, « Chers auditeurs », ili ionekane ya kweli. Kisha siri: wiki jana nilimwaga nusu ya maziwa njiani, nikajazia bidoni, dumu letu, maji ya mto, nikapeleka hivyo hivyo kwa Papa Jean de Dieu, mtengeneza fromage, jibini la hapa kwetu. Hakuona kitu. Moyo mwepesi! Nani atajua ni mimi?

Jumanne, 5 Agosti
Hapa Kirolirwe internet iko juu ya kilima tu. Lakini akili ninayo. Dada Noëlla njo anachajisha simu za watu wote kwa panneau yake ya jua. Nilimwambia kuna kipindi kipya kimetoka Goma, akiweke kwenye kila simu. Simu thelathini na moja! Jirani yetu Esdras na podikasti yake ya mpira ana wasikilizaji kumi na tisa. Pole sana, Esdras.

Alhamisi, 7 Agosti
Nimepeleleza wasikilizaji wangu wakati wa kukamua. Kifaransa wote wanakiruka. Jirani Mama Agathe anakisukuma kwa kidole gumba kama anatoa maganda ya maharagi. Esdras alisema huyo mama wa podikasti ana sauti ya mbuzi mwenye mafua. Wivu! Lakini siri ilipofika, mikono yote ilisimama kwenye chuchu. Mama Agathe alilia: maji ndani ya maziwa? Huyo muntu hana Mungu! Halafu akarudisha nyuma asikie tena. Akarudisha! Nilikimbilia nyuma ya choo nikalia kwa furaha.

Niliporudi, Papa Valens, mchungaji wa ng'ombe, alikuwa amenyoosha kidole. Nyamazeni, alisema, ng'ombe gani huyo analia ndani ya simu? Si Bihogo wa kwa Makuza? Wote: njo yeye! Anatafuta dume, Makuza haoni?

Makuza njo Papa yangu. Kwetu mtu anaweza kusahau sauti ya shemeji yake, si ya ng'ombe wa jirani. Nilisahauje?

Ijumaa, 8 Agosti
Watu sita wamekuja kumshauri Papa alete dume. Aliwashukuru, akauliza walimsikia wapi. Ndani ya simu, walisema. Papa alisikiliza yote, hata Kifaransa. Msikilizaji wangu wa kwanza mwaminifu! Kisha akaniita. Umuhoza, alisema, huyo mama wa miaka hamsini ana kigugumizi chako. Na Jean de Dieu akikataa maziwa yetu, tutakunywa bidoni nzima kila siku sisi wanne? Kesho niende kuomba msamaha. Uso kwa uso. Nimekufa.

Jumamosi, 9 Agosti
Foleni ya watu kumi na mmoja kwa Papa Jean de Dieu! Sauti ilikataa kutoka. Nikaweka simu juu ya meza, nikabonyeza: msamaha niliourekodi asubuhi. Dakika tatu, moja ya Kifaransa. Papa Jean de Dieu alisikiliza mikono kiunoni. Alisema amesamehe, ila kila asubuhi bidoni yetu itapimwa mbele ya watu wote, na mimi njo nitaileta. Halafu, polepole sikioni: sehemu ya pili inatoka lini, mutoto yangu?

Sehemu ya pili!!

Jumapili, 10 Agosti
Dume amekuja, Bihogo ametulia. Hata kanisani Mama Agathe ameniuliza hilo hilo, wakati wa sala. Sehemu ya pili iko tayari kichwani: nani alikula fromage ya pasta wa kanisa letu siku ya ubatizo. (Mimi.) Tena bila jina, na safari hii sikosei. Nitarekodi katika zizi la kina Esdras. Ng'ombe wao hawalii hata kidogo. Ila yule mmoja ana kengele shingoni. Kengele tu! Nani atatambua kengele?