Mpiga Kinanda wa Sugar Land

Jumatatu, 8 Septemba
Mwalimu wa kwaya atachagua mpiga kinanda wa Noeli Jumapili ya tarehe 21. Ni mimi au Bertrand. Katika kambi ya wakimbizi nilipiga miaka tisa. Hapa Lewisville, Texas, namfungulia Bertrand kurasa za nota anapopiga. Inauma.

Lakini duka la mitumba limenipa silaha: sahani ya santuri ya 1973, Waingereza wanne wenye nywele ndefu, bendi iitwayo Pewter Heron. Wimbo mmoja unajaza upande mzima. Nimewatafuta kwenye simu. Mwimbaji sasa anatibu ng'ombe. Mpiga gitaa alifundisha jiografia. Mpiga ngoma anauza vifaa vya kusaidia kusikia. Wateja bila shaka aliwatengeneza mwenyewe. Mpiga kinanda, Desmond, alikuja Texas na kampuni ya mafuta, akastaafu Sugar Land. Nimemwandikia. Amejibu baada ya dakika kumi.

Jumamosi, 13 Septemba
Nime-drive kwa saa nne na nusu hadi Sugar Land. Mzee Desmond alikuwa amepika na kupiga pasi shati. Alipoiona santuri alisema, “Hata mama yangu hakuinunua.”

Vidole vyake vimekakamaa, hapigi tena. Alinifundisha kipande kimoja kwa kuimba, cha kuhesabu midundo saba. Nikamwomba aje aiambie kwaya kuwa mimi ni mwanafunzi wake. Alikubali kabla sijamaliza.

Jumapili, 21 Septemba
Zamu yangu ya kupimwa ilikuwa wakati wa komunyo. Nikachomeka ile midundo saba. Kwaya inahesabu minne. Sauti ya kwanza wakapotea, besi wakanyamaza, waumini wakasimama njiani wakitutazama. Padri alisubiri na hostia mkononi. Bertrand alinyoosha mkono mmoja juu ya bega langu, akaurudisha wimbo.

Baada ya misa Mzee Desmond alimshika Bertrand mkono, akamwambia Pewter Heron hawakuwahi kuwa na mtu wa kuwaokoa hivyo. Mimi, mwanafunzi wake, nilikuwa nakunja nyaya. Mke wangu Concilie akampakulia mzee maharage na ndizi. Akala sahani mbili, akaomba kuimba besi siku ya Noeli. Wamempokea.

Kinanda cha Noeli atapiga Bertrand.

Jumatatu, 22 Septemba
Mzee Desmond amepiga simu. Amesema bendi ilikufa kwa sababu kila mmoja alitaka kipande chake kiwe kirefu kuliko cha mwenzake. Onyesho la mwisho lilikuwa na watu kumi na mmoja. Wakaachana bila kuagana. Kesho atampigia mpiga ngoma, mara ya kwanza kwa miaka hamsini.

Nikamwambia Concilie kwamba maneno haya yangemfaa sana Bertrand. Akaenda kuosha vyombo.

Jioni nimetunga utangulizi wa Noeli, kinanda peke yake, dakika kumi na nne. Concilie ameuliza Bertrand atafanya nini muda wote huo. Nimeshamwandikia sehemu yake: atafungua kurasa.