Kofia ya Kumposea Frida

Ijumaa, 19 Septemba

Itangazwe kwa wote wanaohusika: leo, mjini Blacktown, nimenunua kofia. Ya kijivu, ukingo mpana. Nikiivaa nafanana na mtu mwenye shamba.

Sababu ni moja. Mama yake Frida anarudi Songea Jumatano, na hajanikubali. Wiki tatu yuko Sydney akinitazama kama samaki wa jana. Hajacheka hata mara moja. Kesho nawapeleka bustanini, maua yamefunguka yote. Nani atamkatalia mtu mbele ya maua?

Tatizo ni Zephania, ninayeishi naye hapa Quakers Hill. Anaendesha lori bandarini Port Botany, ana mabega, na ndiye mwenye gari. Anasema anakuja kusaidia tu. Frida alipopata mafua alisaidia hivyo hivyo, kwa supu ya kuku.

Jumamosi, 20 Septemba

Nimetangulia kwa treni niwapokee langoni kama mwenyeji. Tulipu zimesimama kama wanakwaya! Bango linasema ndege wanalea makinda na wanadonoa vichwa, vaa kofia. Nimelisoma. Nimekubaliana nalo.

Wakafika kwa gari la Zephania. Nikavua kofia kwa heshima, nikainama: shikamoo, mama. Marahaba sikuisikia. Kitu kikanipiga utosini. Ndege! Mweusi kwa mweupe, kama kunguru wa kwetu, mdomo bisibisi. Akageuka, akarudi.

Nilikimbia. Naandika ukweli kwa kuwa hapa hakuna msomaji. Nilimpita Frida, nikampita Mama, nikakanyaga maua ya serikali, nikaishia bwawani na bata, maji magotini. Zephania, mshenzi, akafungua mwavuli akamkinga Mama. Wala hakutikisika.

Basi, nimekwisha. Nikasikia mlio, nikadhani ndege tena. Kumbe ni Mama, kajishika kiuno, anacheka mpaka machozi. "Jamani, mkwe wangu anaruka kama panzi!"

Mkwe! Frida akamuuliza kama kasikia vizuri. Mama akasema Zephania ni shujaa, Mungu ambariki. Ila yeye alishaolewa na shujaa mmoja; mume huyo akatoka peke yake kumkabili mwizi, wakamzika akiwa bado kijana. "Huyu wako anajua kukimbia. Huyu atazeeka."

Asante Mungu. Asante ndege. Zephania kanipa soksi zake kavu. Naye nimemshukuru, kwa shida.

Jumapili, 21 Septemba

Nimekwenda kanisani na bendeji kichwani. Watu wakauliza, kuwanyima si adabu. Nikasema ndege walikuwa watatu, nami nilisimama mbele ya Mama nimetandaza mikono. Wakati wa chai wakawa watano.

Mama akaacha kutafuna sambusa. Akaniambia polepole: "Baba, anayeona haya kwa kukimbia, siku nyingine hatakimbia. Barua ya posa isubiri kwanza."

Frida ni nesi; akaifungua bendeji mbele ya wote. Hata mkwaruzo hakuna! Ukumbi mzima ukacheka. Mama akauliza, ndege akirudi nitafanyaje? Nikasema mbio, mama, za kufa mtu. Akamaliza sambusa yake. Barua iletwe.

Jumatatu, 22 Septemba

Barua imeandikwa, ataibeba Mama mwenyewe. Zephania kakubali kuwa mshenga, na hata kalamu ni yake. Nina bahati ya watu! Nimeshukuru hadi Frida kaniomba ninyamaze.

Kesho Zephania anampeleka Mama kuona bahari. Siwezi kumwacha aondoke akidhani mkwe wake hana ubavu. Nimewaambia wote nitayakata mawimbi mbele yake, kwenda na kurudi.

Sijui kuogelea.